Deni la Karamu

Katika mambo yanayomtenga mwanadamu na mnyama, karamu ni mojawapo. Mnyama hula akashiba, akalala. Mwanadamu hula pamoja na mwenziwe. Hupiga ngoma na kuimba. Na mara nyingine hufunga safari ya siku nyingi ili aketi katika jamvi moja na watu ambao hana udugu nao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani na ndivyo ilivyo leo, wala hapana hotuba itakayoikomesha hali hiyo. Na tulikubali neno hili mapema, ewe msomaji, tusije tukapoteza wakati kubishana kama starehe iwepo au isiwepo. Swali lipasalo kuulizwa ni jingine: mtu aliyekula, akanywa, akasikiliza muziki na kutembea nchi za watu, anadaiwa nini? Na anayemdai ni nani?

Swali hili hujibiwa vibaya na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la watu wakali, ambao kwao kila ngoma ni upotevu, na kila safari isiyo ya biashara ni uvivu. Hao humwambia mwanafunzi asitazame kitu ila kitabu. Sitakaa nao sana. Vitabu vyenyewe vimejaa karamu na safari, na mwanafunzi aliyekatazwa kuzijua atavisoma kama mtu asomaye habari za bahari hali hajaona hata ziwa.

Kundi la pili ni kubwa zaidi, na hoja yake ni tamu masikioni mwa vijana. Husema: "Nimelipa, sidaiwi." Kwa watu hawa raha ni bidhaa kama sabuni. Mwenye fedha hununua chakula, hununua kinywaji, humkodi mwimbaji kwa saa mbili, kisha huondoka akipangusa midomo. Ukimwuliza aliyepika ni nani, hajui. Ukimwuliza wimbo ulisema nini, hakusikiliza. Ukimwuliza alikotembea ni wapi, atakuonyesha picha yake mwenyewe, amesimama mbele ya kitu asichokijua jina. Na kundi hili ndilo nitakalo tushindane nalo, maana neno lao linaenea upesi, nalo likishika nchi litatuachia karamu nyingi zisizo na utu ndani yake.

Bei na deni ni vitu viwili. Bei huhesabika, hutajwa, hulipwa, ikaisha. Deni ni lile linalobaki baada ya bei kulipwa. Wazee wetu walilijua jambo hili walipotuachia methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Itazame tena. Haikusema mgeni atolewe nje. Ilisema apewe jembe, nalo jembe hapewi mtu anayefukuzwa. Hupewa mtu aliyekwisha hesabiwa kuwa mmoja wa nyumba. Siku mbili amekula jasho la wenyeji. Siku ya tatu na aonje jasho lenyewe. Methali haikuuliza kama mgeni ana fedha. Awe tajiri, awe maskini, jembe ni lile lile.

Tusidhani kwamba fikira hii ni yetu peke yetu. Natuvuke bahari mpaka nchi ya Uswisi, kando ya Ziwa Geneva. Huko, kwa urefu wa kilomita 30 hivi, milima imekatwa ngazi ngazi na kuzuiwa kwa kuta za mawe, na juu ya ngazi hizo imepandwa mizabibu ya kutengenezea mvinyo. Mahali hapo paitwa Lavaux, na kazi ya kuzijenga ngazi hizo ilianza tangu karne ya 11, wakati ardhi ile ilipokuwa mikononi mwa watawa. Milima ni mikali. Mahali pengi mkulima hupanda na kushuka kwa miguu, na ukuta ukibomoka hana budi kuujenga upya.

Karibu na hapo uko mji mdogo wa Vevey, na katika mji huo kipo chama cha kale kiitwacho Confrérie des Vignerons, yaani Udugu wa Wakulima wa Mizabibu. Kazi ya chama hiki ni kukagua mashamba mara kadhaa kila mwaka na kupima ustadi wa wale wanaoyalima. Angalia sana hapa: wanaopimwa na kutuzwa ni wale wanaolima, ambao wengi wao hulima mizabibu isiyo yao. Tangu mwaka 1797 chama hicho kimekuwa kikifanya sherehe kubwa uwanjani, nayo haifanywi kila mwaka. Hufanywa mara moja tu katika kila kizazi. Katika karne nzima ya 20 ilifanywa mara 5: mwaka 1905, 1927, 1955, 1977 na 1999. Kisha ikafanywa mwaka 2019, katika uwanja uliojengwa kwa ajili yake wenye viti vipatavyo 20,000. Wachezaji na waimbaji hutoka kwa maelfu katika mji wenyewe na vijiji vya jirani: mwalimu, muuza duka, mtoto wa shule, bibi mwenye wajukuu. Wachunga ng'ombe wa milimani huja kuimba wimbo wao wa kuita ng'ombe, na watu wazima hulia machozi wakiusikia.

Na kiini cha sherehe hiyo yote ni nini? Ni kumvika taji mkulima. Yule aliyeinama mwaka mzima kati ya mawe, akipogoa na kufunga matawi, husimama mbele ya umati akashangiliwa. Mwaka 2016 sherehe hiyo iliandikwa na Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, UNESCO, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mvinyo wa pale una bei, na kila chupa hulipiwa. Lakini watu wa Vevey walitambua kwamba bei haitoshi. Kwamba mtu aweza kunywa miaka 20, akalipa kila glasi, na bado akawa na deni kwa mkono uliolima. Basi mara moja katika kila kizazi hukutana kulilipa deni hilo hadharani, kwa muziki na heshima.

Sasa turudi nyumbani, tulitazame tembo la mnazi. Katika nchi ya Wamijikenda, nyuma ya Mombasa na Kilifi, kazi ya mgema ni kongwe. Mgema huamka alfajiri akachukua kotama yake, kile kisu kilichopinda, akapanda mnazi kwa kukanyaga vipandio vilivyochongwa katika shina. Mnazi mrefu hufika mita 20 na kuzidi, na huko juu mara nyingi hana kitu cha kumshika ila mikono yake mwenyewe. Hukata ncha ya karara ambalo halijafunuka, akafunga kibuyu, na utomvu hudondoka tone baada ya tone. Jioni hupanda tena. Kesho hupanda tena. Akiacha kupanda, jeraha la karara hukauka na tembo likakatika. Linapoteremshwa tembo huwa tamu; baada ya saa chache limeanza kuchachuka; kesho yake ni kali, na likikaa zaidi huwa siki. Kwa hiyo mgema hawezi kuweka akiba ya kazi yake. Hana mapumziko ya kesho, maana tembo la jana si tembo.

Je, mtu huyu tumemvika taji gani? Tumemtungia methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Karne kwa karne methali hii imemshitaki mgema kwamba sifa humharibu. Sisemi kwamba methali ni ya uongo, maana sifa huweza kumlevya mtu yeyote, hata mwalimu na mtawala. Lakini nauliza: ni nani kati yetu aliyewahi kumsifu? Wanywaji huketi kivulini wakasifu tembo, wakamsifu mwenye kilabu, wakajisifu na wao wenyewe. Mgema yuko juu ya mti. Akianguka akavunjika mguu, wanywaji husikitika kwamba leo tembo ni haba. Huko ndiko kulipa bei na kula deni.

Nawe usije ukasema kwamba nakushawishi kunywa, la hasha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kumwuzia kileo mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na sheria hiyo ina busara. Mwili na akili ya kijana bado ni shamba linalolimwa. Zaidi ya hayo, wako Wakenya wengi ambao dini yao au nia yao imewaepusha na kileo maisha yao yote, na hawakupungukiwa na raha. Nimetaja mvinyo na tembo kwa sababu katika vitu hivi kosa la kundi letu la pili huonekana wazi kuliko katika vingine, na adhabu yake ni kali. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo ni sumu. Sababu za msiba ule ni nyingi, na umaskini ni mmojawapo. Lakini sababu moja yahusu hoja yetu. Kinywaji kile hakikuwa na uso. Mnywaji hakujua kimetengenezwa na nani, wapi, wala kwa kitu gani. Alijua bei tu, na bei ilikuwa nafuu. Mtu anayemjua mgema wake kwa jina, na mgema anayemjua mnywaji wake kwa jina, hawauziani sumu kwa urahisi. Basi kumjua mtengenezaji ni adabu, na zaidi ya adabu ni ngao.

Yaliyo kweli kwa kinywaji ni kweli kwa muziki. Nenda kisiwani Lamu katika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukaone wageni wanaowasili kwa mashua kutoka pwani yote na nchi za mbali. Hapana tone la kileo, na furaha imejaa njia zote. Maulidi ya Lamu yalipata sura yake ya leo kwa kazi ya Habib Swaleh, mwanachuoni aliyetoka visiwa vya Komoro katika karne ya 19 na ambaye jina lake limefungamana na msikiti wa Riyadha. Habib Swaleh aliwafundisha elimu watu ambao wengine waliwanyima, yaani waliokuwa watumwa na wazao wao, na katika ibada ya Maulidi akaingiza matari. Baadhi ya wakubwa wa mji walinung'unika. Yeye hakujali, kwa kuwa alifahamu neno hili: watu waliozoea kuwapikia na kuwachezea wengine katika karamu zao walistahili karamu ambayo wao pia ni wenyewe. Huyo alikuwa akilipa deni la mji mzima, deni ambalo mji wenyewe ulikuwa haujalikiri.

Linganisha hayo na jambo linaloonekana katika hoteli nyingi za watalii. Wageni wanakula. Kati ya supu na nyama huletwa wachezaji wenye mavazi ya kienyeji. Ngoma ambayo kijijini huchezwa usiku kucha kwa sababu maalumu, ya mavuno au ya arusi au ya msiba, hukatwa ikawa ya dakika 10. Hakuna anayeeleza maana yake, hakuna anayeuliza. Vijiko havisimami. Wachezaji hupiga magoti kwa adabu, hupewa ujira wao, hutoka kwa mlango wa nyuma. Mtu wa kundi la pili atasema: "Ubaya u wapi? Wamelipwa." Ni kweli wamelipwa, na ujira ni haki yao, sitaki mtu yeyote awanyime. Ubaya ni kwamba mgeni amesafiri maelfu ya kilomita akapita karibu kabisa na kitu alichokuja kukiona, asikione. Na mchezaji, baada ya miaka michache ya kutazamwa hivyo, huanza na yeye kuamini kwamba ngoma ya babu zake ni kitu cha kujazia nafasi kati ya supu na nyama.

Msafiri mwema ni yupi basi? Ibn Battuta wa Tangier alitoka kwao mwaka 1325, na mwaka 1331 akafika pwani yetu. Alipitia Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akaenda Kilwa. Huko Mogadishu alikirimiwa, na zaidi ya miaka 20 baadaye, alipokuwa amerudi kwao Maghribi na kusimulia safari zake ziandikwe, bado aliweza kueleza sinia lile: wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha nyama, kuku, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Hiyo ni shukrani ya kweli. Aliyekula hivyo alikula kwa macho, kwa ulimi na kwa akili, na kwa kumbukumbu yake leo tunajua mambo ya mezani mwa pwani ambayo pengine tusingeyajua kabisa. Lakini hata yeye hakulipa deni lote. Alikumbuka ndimu, alikumbuka tangawizi. Jina la mpishi hakutuachia. Ikiwa msafiri mkuu namna ile aliweza kumsahau mpishi, sisi wadogo tunapaswa kujihadhari zaidi.

Hapa najua utanijibu: "Mimi ni mwanafunzi. Sina nauli ya Uswisi wala ya Lamu, na katika hoteli za watalii sijakanyaga. Deni hili lanihusuje?" Lakuhusu kuliko unavyodhani. Katika kila arusi uliyoalikwa, nyuma ya nyumba palikuwa na moshi. Katika moshi ule walikuwapo kina mama waliolala saa chache usiku, wakichagua mchele, wakikuna nazi, wakigeuza nyama katika masufuria makubwa. Waliwapakulia wageni wote, kisha wao wakala mwisho, na mara nyingi walichokula ni ukoko. Mbele ya wageni ilisomwa orodha ndefu ya shukrani: mwenyekiti alishukuriwa, wafadhili walishukuriwa, mpiga picha pia. Je, ulimsikia mtu akitaja jina la mpishi mmoja? Huhitaji nauli kulirekebisha jambo hilo. Wahitaji miguu ya kwenda nyuma ya nyumba, na mikono ya kubeba maji.

Wala usifikiri kwamba jambo la jikoni ni dogo, halimstahili msomi. Mwaka 2021 shirika hilo hilo la UNESCO liliandika katika orodha yake ya mifano mema kazi iliyofanywa nchini Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili na maarifa yake. Kazi hiyo iliwahusu watoto wa shule pia, wakiwamo wa Isukha huko Kakamega na wa Pokot, kwa sababu iligunduliwa kwamba vijana walikuwa wamekwisha anza kuona haya kula mboga za bibi zao. Tena ngoma ya isukuti, ya Isukha na Idakho, iliandikwa mwaka 2014 katika orodha ya mambo yanayohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, kwa kuwa wachezaji wengi ni wazee na vijana ni wachache. Fikiri jambo hili. Dunia imekuja kutuambia kwamba chakula chetu ni hazina na ngoma yetu iko hatarini, na sisi tulio karibu nayo hatukuona kwa sababu tulizoea kula bila kuuliza na kucheza bila kujifunza.

Deni la karamu hulipwa kwa mambo matatu. La kwanza ni kujua: uliza kitu hiki kimetoka wapi, kimefanywaje, na nani alikifanya. La pili ni kutaja: jina la mtu likitajwa mbele ya watu, jasho lake halikupotea bure. La tatu ndilo zito, nalo ni kushika jembe: pika siku moja wapishi waketi, beba ngoma siku moja wapigaji watembee mikono mitupu, jifunze ubeti mmoja wa wimbo wa watu uliowatembelea, uuimbe kwa lugha yao hata ukikosea matamshi. Mwanafunzi anayekwenda kwenye tamasha la muziki la shule na kuimba wimbo wa kabila lisilo lake, akijua maana ya kila neno, amesafiri mbali kuliko tajiri aliyezunguka dunia akilala hotelini.

Kumbuka pia kwamba nchi yetu hukaribisha wageni wengi. Mwaka 2024 walizidi milioni 2. Miongoni mwenu msomao maneno haya watatoka wapishi, wahudumu, wapiga muziki na waongoza wageni wa kesho. Siku hiyo mtajua wenyewe ladha ya kulipwa bila kuonwa. Ikiwa leo mmejizoeza kupita mbele ya mpishi kama mpitao mbele ya jiwe, kesho mtakuwa na haki gani ya kunung'unika mkifanywa mawe? Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Sharti heshima mtakayoidai kwa wageni muianzishe ninyi, hapa, kwa mgema wenu na kwa mama zenu walio motoni.

Kwa hiyo furahi, ewe kijana. Kula, cheza, imba, safiri kadiri uwezavyo, wala usione haya. Lakini sahani inapokuwa tupu na ngoma inaponyamaza, usikimbilie mlangoni pamoja na wale wasemao wamelipa. Geuka nyuma utazame moshi unatoka wapi, kisha nenda huko ukaulize jembe liko wapi.